Sungusungu Waliovamia Miguu Yangu

Nilikuwa na miguu mizuri. Sisemi kwa kujisifu, ingawa kujisifu najua. Kule Nyarugusu, kwenye mwalo wetu, yaani pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, wanawake wenzangu walinitania kwamba nimezaliwa na miguu ya mbuzi. Nilipanda na kushuka vile vilima vya mchanga uliokwisha kuoshwa nikiwa na ndoo ya maji kichwani, mikono kiunoni, nagombana na mtu huku natembea, na maji hayamwagiki. Kugombana ilikuwa nusu ya kazi. Mahali pale ukiwa mpole hata zamu ya karai huipati.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake tunauosha juu ya mbao zilizotandikwa magunia. Kinachonasa kwenye magunia tunakiweka kwenye karai, tunamimina zebaki, kisha tunavuruga kwa mikono mitupu. Zebaki inaikusanya dhahabu. Unaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe, unakichoma moto, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Tuliambiwa ni sumu. Watu wa semina walikuja na picha za mabango, tukawasikiliza, tukawapigia makofi, tukarudi kwenye karai.

Ndipo miguu ikaanza. Kwanza vidole viliingia ganzi, halafu nikawa nasikia kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Sikujali. Mtu anayeshinda kwenye tope la maji baridi haulizi kwa nini vidole vyake vimekufa ganzi. Asubuhi moja nilitoka mwalo nikaenda kwenye banda la mama ntilie, nikakaa, nikaagiza chai na chapati. Shoga yangu mmoja, mwanamke wa Kigoma ambaye karai lake lilikuwa jirani na langu, akanitazama chini, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa na ndala moja tu. Ya pili ilikuwa imenasa kwenye tope huko nyuma, nami nimekuja mguu mtupu bila kujua.

Nilicheka naye, maana kwa kweli ilichekesha. Nikarudi kuifuata. Njiani kicheko kiliniisha. Nilikuwa nakanyaga kokoto kwa mguu mtupu, naziona kwa macho, lakini mguuni hazikuwepo. Nikasimama katikati ya njia nikausugua unyayo kwenye jiwe, nikausugua tena. Nilipouinua niliona damu kidogo, na bado sikuhisi kitu.

Kuanzia hapo mwendo wangu ukaharibika. Nilitupa miguu mbele kama mtu anayevuka matope hata mahali pakavu. Nikiangalia chini nakwenda vizuri kiasi, nikiinua uso kumsalimu mtu napepesuka. Wachimbaji, ambao hawajui kunyamaza, wakasema mama wa watu ameanza pombe ya asubuhi. Mimi ambaye pombe yenyewe naijua kwa harufu tu. Nilimfuata mmoja wao nikamwambia aninuse mdomo mbele ya wenzake. Alikataa, akaniomba radhi, lakini nilipogeuka kuondoka niliyumba, nao wakacheka upya. Siku hiyo nililia kwa hasira nyuma ya karasha, mahali ambapo kelele za mashine zinameza kila kitu.

Shoga yangu ndiye aliyetoa hukumu. "Hiyo zebaki hiyo, shoga. Imeshakuingia. Si unamjua yule mzee anayetetemeka mikono mpaka kikombe kinamshinda? Ilimwanza hivyo hivyo."

Nilikubali mara moja, na pale mwaloni hakuna ambaye angebisha. Kwetu sisi, mtu wa karai akiumwa chochote cha mikono au miguu, jibu linajulikana kabla hajamaliza kueleza. Na dawa yake inajulikana pia: maziwa. Hilo machimboni analijua hata aliyefika jana. Maziwa yanaisafisha zebaki tumboni na kwenye damu, ndivyo tulivyoambiana miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake nani aliyemwambia. Mimi nikajiona mwenye bahati kuliko wote, kwa sababu wenzangu walinunua maziwa kwa kikombe, na mimi mume wangu alikuwa na zizi zima Kishapu.

Basi nikafunga mizigo, nikaenda nyumbani kunywa maziwa.

Mume wangu anaishi kijijini, si mbali na Mhunze, na ng'ombe wake na shamba letu la pamba. Maisha yetu yalikuwa hivyo kwa muda mrefu: yeye na mifugo, mimi na dhahabu, tunaonana wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na ugomvi wetu tunauhifadhi kwa simu. Ni mtu wa maneno machache. Nilipomweleza habari ya zebaki alichukua kibuyu akaenda zizini. Nikanywa maziwa asubuhi, nikanywa mchana, nikanywa ya mgando na ugali wa mtama jioni. Nilinenepa. Mashavu yalijaa, majirani wakanisifu kwamba machimbo yameniachia, na wakati huohuo miguu inazidi kunitoroka. Ganzi ilipanda hadi magotini, na vidole vya mikono navyo vikaanza. Nilikuwa siwezi kufunga kifungo bila kukitazama.

Ikafika mahali nikawa siendi popote bila kushikwa mkono. Watu wasioijua nchi yetu hawataelewa uzito wa jambo hilo. Mwanaume wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wake, kamanda mstaafu wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji wanaokimbiza wezi, anamshika mkewe mkono barabarani mchana kweupe, wanakwenda polepole kama maharusi. Wanawake waliokuwa wakichota maji walituangalia mpaka ndoo zikafurika. Yeye alitazama mbele tu. Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu, na kwa sababu sijui kuona aibu kimyakimya, nilikuwa namgombeza njia nzima kwamba ananivuta, kumbe alikuwa ananibeba.

Nilitaka jambo moja tu duniani: kutembea bila mkono wa mtu. Kufa sikukuwaza. Nilichowaza ni kuwa mzigo ndani ya nyumba ambayo nimeijenga kwa miguu yangu mwenyewe, kukalishwa kwenye mkeka asubuhi na kuondolewa jioni. Wazo hilo lilinitisha kuliko kaburi, na nasema hivyo bila kuongeza chumvi.

Kisha ikaja habari ya kanisani. Jumapili ya kwanza nilisimama na wenzangu kwenye mstari wa kina mama, mume wangu yuko ng'ambo kwa wanaume. Kiongozi akasema tufumbe macho tuombe. Nilipofumba, ardhi ikaisha. Sikuhisi kizunguzungu wala giza la kichwa, ila nilikuwa sina tena cha kusimamia. Nilifumbua macho nikiwa nimelala juu ya mapaja ya mama mmoja aliyekuwa mstari wa nyuma, na mkungu wa ndizi wa sadaka uko pembeni yangu.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Hapo kikundi cha maombi kikanizunguka. Mtu anayeanguka kila maombi yanapoanza, na akiwa amekaa anaimba vizuri tu, maelezo yake kanisani hayahitaji shule. Mzee mmoja alinishika kichwa akauliza kwa sauti kubwa, "Wewe ni nani, na umetoka wapi?"

Nami kwa kudhani ananiuliza kama mgeni, nikajibu, "Nimetoka Nyarugusu."

Walitazamana. Nikasikia mtu nyuma akinong'ona kwamba ni pepo la machimbo, yale yanayolinda dhahabu. Wakanishika mikono, miguu na nywele, wakakemea mpaka mashati yakalowa. Nilipowaambia waniachie nywele walisema pepo amekasirika. Kuhusu hilo la kukasirika walikuwa sahihi kabisa.

Lakini hasira hiyo ndiyo iliyonizindua. Kesho yake nilikuwa nanawa uso uani, nimeinamia beseni, sabuni ikaniingia machoni nikayafumba, nikaenda chini na beseni na maji yake. Nilikaa pale kwenye tope nikafikiri. Kanisani macho yamefumbwa, na hapa macho yamefumbwa. Nikasimama, nikashika ukuta, nikayafumba kwa makusudi. Nikaanguka. Nikajaribu macho wazi. Nikasimama. Nilimwita mume wangu kwa ukelele akaja mbio akidhani nyoka.

"Hili si pepo," nikamwambia. "Pepo gani anaondoka nikifumbua macho? Na kama ni zebaki, hayo maziwa yako yanafanya nini?"

Akasema, "Jiandae. Twende Mwanza."

Hospitali ya rufaa tulimkuta daktari wa kike, mdogo kwa umri kiasi kwamba alinipa shikamoo nami nikaitikia marahaba bila kusita. Kabla hajafungua kinywa nilimpa ugonjwa wangu ukiwa tayari umepewa jina. "Daktari, mimi nimeingiwa na zebaki. Naomba dawa ya kuitoa, maziwa yamenishinda." Aliniuliza kazi yangu, nikaeleza. Akasema zebaki ni hatari kweli, na atanipima, lakini kwanza nisimame, nibane miguu pamoja, nifumbe macho. Nilikataa. Nilimwambia hilo nimeshalifanya kanisani na likaniletea matatizo. Alicheka, akaja kusimama karibu yangu, mikono ameitandaza. "Fumba, mama. Mimi nipo." Nilifumba, nikaanguka, akanidaka. Ilikuwa mara ya kwanza naanguka na mtu hashtuki wala hakemei, ananiangalia tu kama fundi anayesikiliza injini.

Akachukua chuma chenye ncha mbili, akakigonga kikavuma, akanibandika kwenye kidole gumba cha mguu. Akauliza kama nahisi mtikisiko. Sikuhisi. Akapanda kwenye kifundo, akapanda kwenye goti, ndipo nikahisi kwa mbali. Kisha akaniambia nivue blauzi. Akaanza kunikagua shingo, kwapa, matiti, taratibu, bila haraka.

"Daktari," nikasema, "mimi nimeleta miguu."

"Najua, mama. Miguu nimeiona. Natafuta aliyeituma."

Vidole vyake vilisimama kwapani upande wa kushoto. Vikaondoka, vikarudi palepale. Akaushika mkono wangu akanielekeza niguse, lakini vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi na sikupata kitu. Mume wangu ndiye aliyegusa. Alisema kiko kidogo, kama punje ya njugu mawe. Yeye anajua kupapasa ng'ombe, hakosei. Titini nako, picha ilionyesha kingine kidogo zaidi. Wakachukua kinyama, wakakipima, na tuliporudi kuchukua majibu daktari alifunga mlango, akavuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Nilijua kabla hajasema. Ilikuwa saratani ya titi, na zebaki safari hii haikuwa na kesi.

Sikuelewa, na nilisema hivyo kwa ukali. Saratani iko kwapani, ina ukubwa wa njugu, haijawahi kuniuma hata siku moja. Imefikaje magotini?

"Haijafika magotini," daktari akasema. "Huko hakuna saratani. Mama, kwenu kuna sungusungu?"

Mume wangu, ambaye tangu tuingie alikuwa kama kiti, akakaa wima. "Mimi mwenyewe nilikuwa kamanda."

"Basi, baba, wewe utanielewa haraka. Mwili nao una sungusungu wake. Huyu mwizi alipoingia, walimwona, wakapiga filimbi, wakamkimbilia. Lakini mwizi alikuwa amevaa nguo zinazofanana na za mtoto wa nyumba. Huyo mtoto ndiyo mishipa ya fahamu, inayoleta habari kutoka miguuni mpaka kichwani. Sungusungu walipofika walimpiga mwizi, wakampiga na mtoto. Na wanaendelea kumpiga mpaka leo, maana kila wakigeuka wanaiona ile nguo."

"Sungusungu hawapigi ovyo," mume wangu akasema.

Kisha yeye mwenyewe akavua kofia akaiweka gotini. "Hutokea," akasema. Sikuwahi kumsikia akilikubali hilo, na tumeoana tangu nina nguvu za kubishana.

Daktari akaendelea, na maneno aliyosema hapo ndiyo niliyoondoka nayo. Alisema kipigo hichohicho ndicho kilichomfanya mwizi abaki mdogo. Wanawake wengi huja kwake wakati uvimbe umekwisha kuwa mkubwa na umesambaa, kwa sababu hauumi na hausemi. Mimi miguu yangu ndiyo iliyopiga mwano. Hilo neno la Kisukuma sikujua amelitoa wapi, maana yeye si wa kwetu, lakini alilitumia sawasawa: ule ukelele wa kuita kijiji kizima kitoke. Miguu iliumia, lakini iliita watu mapema.

Nilikuwa nimeichukia miguu hiyo kwa miezi. Nilikuwa nimeitukana kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Niliitazama pale chini, imevaa viatu ambavyo haivihisi, nikasikia huruma nayo kama ninavyomhurumia mtoto aliyepigwa kwa kosa la mwingine. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Kisha nikauliza swali langu.

"Nitatembea?"

"Sitakudanganya," daktari akasema. "Mishipa iliyokufa haifufuki. Ile iliyopigwa ikazimia tu inaweza kuamka, polepole. Hatujui ipi ni ipi mpaka tumtoe mwizi, tuwatulize na sungusungu. Tukichelewa, wanamaliza kazi."

"Basi usichelewe," nikasema. "Mkono huu wa kushikwa nimechoka nao."

Walinifanyia upasuaji. Wakanipa dawa za kuwatuliza sungusungu, zilizonivimbisha uso nikawa kama niliyekunywa maziwa ya wilaya nzima. Kisha zikaja dripu za saratani. Daktari alinieleza kwamba baadhi ya dawa hizo nazo huunguza mishipa ya fahamu, na kumpa mtu kama mimi dawa hizo ni kama kumwongezea kipigo aliyekwisha kupigwa, kwa hiyo angenichagulia nyingine. Hizo nyingine zilininyoa kichwa na kunitapisha, lakini miguu ziliiacha. Nilitapika kwa moyo mweupe. Kila nilipoinamia ndoo nilijiambia kwamba mwizi ndiye anayetolewa, na mwenzangu wa kitanda cha jirani, bibi mmoja wa Sengerema, akaniuliza kwa nini natapika huku natabasamu.

Shoga yangu wa Kigoma alipiga simu wakati huo. Salamu zilipokwisha akauliza, "Enhe, zebaki imetoka?" Nikamwambia kisa chote, cha mwizi na sungusungu na maziwa ya bure. Nikamtuma awakusanye wanawake wote wa mwalo, wapapasane makwapa, waende kupimwa, na karai la zebaki nalo walivalie glavu, maana kutokuwa na kesi kwangu hakumaanishi haina kesi kwa yule mzee wa kikombe. Alisema, "Na maziwa?" Nikamwambia maziwa wanywe, ni matamu.

Niliporudi Kishapu nilikuwa sijapona miguu. Nisidanganye. Nilikuwa nimeacha kuzidi kuharibika, na daktari aliliita hilo ushindi wa kwanza. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alinifundisha kwamba macho yafanye kazi ya miguu mpaka miguu ikumbuke: nitazame ninapokanyaga, niweke kisigino kwanza, nishike kitu pande zote mbili. Alitaja vyuma viwili vya kutembelea katikati. Nyumbani hatuna vyuma. Mume wangu alisikiliza, akapanda baiskeli, akaondoka na panga.

Nilipotoka nje kesho yake nilikuta amejenga uani kichochoro cha nguzo na fito, kirefu, chembamba, kinachonifika kiunoni. Nilikitambua mara moja. Ni kile wanachopitishia ng'ombe wakienda kutumbukia kwenye josho.

"Unataka kunitoa kupe?" nikamuuliza.

"Ndiyo ninachojua kujenga," akasema. "Ng'ombe haangukii pembeni."

Nilitembea kwenye josho hilo kila siku, nikitukana. Majirani walikuja kuangalia, wengine wakaleta viti. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alikuja naye, akakaa, akanitazama nikienda na kurudi. Baadaye akaniambia kwa upole, "Mayu, mama yangu, tulikukemea bure." Nikamwambia maombi yao nayachukua, ila wakati mwingine waniombee kwa mbali na wasinishike nywele. Tulicheka wote wawili, na tangu hapo akawa ananiletea karanga za kukaanga. Nimesamehe kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Kisha miguu ikaanza kuwaka. Nyayo zilinichoma kama nimekanyaga majivu ya moto, nikadhani mambo yameharibika tena. Nilimpigia daktari simu nikiwa nalia. Aliniuliza kwa makini, akasema nije anione, akaniona, akagonga kile chuma chake akakibandika kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Nilikihisi. Kilivuma ndani ya mfupa, kidogo, kama nyuki aliye chumba cha pili. Nilimwambia akibandike tena. Alikibandika, nami nikamwambia tena. Foleni ilikuwa ndefu nje na hakunifukuza. Mguu wa kulia haukusema kitu, na hadi leo unasema kidogo sana, na vidole vya mikono bado ni vya kutazama ndipo vishike. Lakini wa kushoto umerudi karibu wote, na mguu mmoja mwaminifu unatosha kumvuta mwenzake. Saratani bado naenda kuichunguza kliniki, na kila mara nimetoka bila habari mbaya. Lile josho nililiacha likiwa limelegea nguzo kwa jinsi nilivyoliegemea.

Mvua za kwanza zilipokuja nilisema nitapanda pamba. Kwetu kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anatangulia na jembe akifungua mashimo, mwingine anafuata, anadondosha mbegu, anafukia kwa mguu. Kufukia ndiyo shida. Lazima usimame kwa mguu mmoja kidogo, mwingine usukume udongo na kuukanyaga, kisha uende mbele, na udongo wenyewe umelimwa, haukai sawa.

"Utaanguka," mume wangu akasema.

"Nikianguka nitaangukia shamba langu. Fungua mashimo."

Nilivua viatu. Nilianguka mapema kabisa, kabla hata sijalizoea bakuli la mbegu. Alitupa jembe akaja mbio, nikamwambia asinisogelee. Nikazikusanya mbegu moja moja kwa macho, nikasimama. Mguu wa kushoto ulizama kwenye udongo na nikausikia ubaridi wake, ule ubaridi wa mvua ya jana unaopita katikati ya vidole. Nilibaki nimesimama pale, nausikia tu. Mume wangu aliuliza nina nini, nikamwambia sina kitu, afungue mashimo, anachelewesha kazi.

Mstari wangu ulikwenda upande. Alisema mstari umepinda, nikamwambia pamba haijui mstari. Niliyumba, nikatandaza mikono, nikatulia, nikafukia. Jua lilipanda. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani walisimama kwenye njia, wakanisalimu kwa sauti, nami nikainua uso kuwaitikia, na niliitikia salamu yote mpaka mwisho nikiwa wima.

Mwisho wa mstari kuna mtaro wa maji unaotutenganisha na shamba la jirani, na upande wa pili ndipo tulipoacha chakula. Mume wangu aliuruka, akageuka, akaninyooshea mkono, kama alivyofanya siku zote hizo, barabarani, kanisani, hospitalini. Niliutazama mkono ule. Nikauwekea bakuli la mbegu, nikavuka mwenyewe.